Mama Yake Vumbi

Massoudi wa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, hajawahi kukanyaga Amerika, lakini mashujaa wote wa Amerika wamesema kwa mdomo wake. Asubuhi alikuwa fundi wa redio. Alasiri, miaka ile ya vita, kabla kuvrefe, ile amri ya kutotembea usiku, haijawafungia watu majumbani, alikuwa sauti ya ukumbi wa video wa Darius kule Mutakura. Filamu inaongea Kiingereza, watu wanaongea Kiswahili na Kirundi, na katikati yao yupo Massoudi na maikrofoni yake anageuza kila kitu: shujaa, adui, polisi, hata mbwa. Kiingereza chake? Tusiulizane. Nusu alikijua, nusu alijaza kwa akili, na akili anazo.

Filamu iliyompa jina ni ile ya Vumbi. Jina lake la kweli hakuna aliyelijali. Shujaa huyo akibanwa anageuka vumbi, anapita chini ya mlango, anajikusanya upande wa pili na koti lake limenyooka vilevile. Sasa fikiria mji wenye bariera za askari kila kona, kila mtu ameshika kitambulisho mkononi, halafu unaonyeshwa mtu wa namna hiyo! Watu walipiga kelele mpaka bati zikatetema. "Pita, sha! Pita! Bariera gani itakusimamisha?"

Ila filamu ile ilikuwa na shimo. Mwanzoni Vumbi ana mama, mama mnene mwenye maneno mengi, anamfunga skafu shingoni. Katikati, Vumbi anakimbilia nyumbani, anakuta mlango wazi, kiti kimepinduka, jiko limezima. Basi. Mama haonekani tena wala hatajwi, filamu inaendelea na ngumi zake mpaka mwisho. Siku ya kwanza ukumbi mzima ulimgeukia Massoudi: "Mama ameenda wapi?"

Angejibu nini? Bujumbura ya siku zile, ukikuta mlango wazi na kiti kimepinduka, huulizi mara mbili. Massoudi akavuta pumzi akamuua mama wa watu. Akamlilia kwa sauti ya Vumbi: "Mama, umeondoka sijakuaga! Nani atanifunga skafu?" Kwa haraka akamtilia Vumbi, mzungu yule, "inna lillahi" mdomoni, kisha akakumbuka Wakristo waliojaa mbele yake, akaongeza "Mungu akupokee". Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja alivua kofia akasimama, na wengine wakasimama. Tangu siku hiyo ikawa desturi: Vumbi akifika kwenye ile nyumba tupu, ukumbi wote unasimama.

Mmoja wao hakukosa hata mara moja. Libère, kinyozi, kijana mrefu mpole, kibanda chake kilikuwa nyuma ya soko. Mama yake alitoka nyumbani Gasenyi asubuhi moja kwenda kuchimba viazi na hakurudi. Mwili haukupatikana, na bila mwili wazee wa ukoo walikataa kukaa matanga. "Tungoje," walisema. Wakangoja, miaka ikaenda. Libère alikuwa anakuja kwa filamu ya Vumbi tu. Anasimama na wenzake, analia wazi bila kuficha uso, Massoudi akimaliza maombolezo yeye anatoka, ngumi hazimhusu. Massoudi alilijua hilo na hakuwahi kulisema. Alijua kwamba mazishi pekee ambayo yule kijana aliyapata ni yale aliyoyabuni yeye, kwa Kiingereza cha nusu.

Sasa sikia. Jumamosi moja Darius anaingia kwa Massoudi mbio, jasho linamtoka, diski mkononi.

"Masu! Masu! Acha redio! Vumbi imetoka mupya! Ndefu! Dereva mumoja wa wazungu kule Kinindo ameniachia. Wameongeza karibu saa nzima!"

"Wameongeza vipi? Filamu ni kitenge, unaongeza kipande?"

"Apana, ilikuwako! Walikuwa wameikata!"

Wakaifungia chumbani wakaitazama, na Massoudi akaona mambo. Vumbi anacheka kule ambako hakuwahi kucheka. Adui ana mke, na mke anamgombeza! Massoudi alipiga magoti yake kwa furaha. "Unaona, Darius? Unaona ujanja wao? Kule nako ukumbi unataka kujaa na kumwagika mara nyingi kwa siku. Filamu ikiwa ndefu, watu wanakaa humo, wengine wanakaa inje wanakasirika. Wakubwa wa filamu wanasema: kata! Kata maneno, acha ngumi. Ni kama sisi na kuvrefe, haturuki vipande ili watu wawahi nyumbani?"

"Halafu sasa wanairudisha!"

"Si watu wamekwisha kuipenda? Nyama ileile, unaongeza muchuzi, unaita walewale waliokwisha kula. Na wanakuja mbio! Hata mi ningekuja. Aka! Wezi wale, nawapenda!"

Alikuwa bado anacheka pale mlango ulipofunguka kwenye televisheni. Ilikuwa mwisho kabisa. Vumbi amechoka, ameingia chini ya mlango wa nyumba moja ya mbali, amejikusanya sebuleni, na mwanamke mnene anageuka kutoka jikoni. Mama. Mzima wa afya. Kumbe siku ile alitorokea mlango wa nyuma.

Massoudi aliacha kucheka. Darius yeye alikuwa anaruka juu ya kitanda. "Anaishi! Masu, anaishi! Watapasuka!"

"Darius, mi nilimuzika huyu."

"Utamufufua!"

"Na Libère?"

Darius akashuka kitandani. Kisha akasema kipande hicho hakiwezi kukatwa, maana amekwisha kuandika kwa chaki mlangoni, kwa herufi kubwa, VUMBI MUREFU, na watu wameanza kuulizia. Nani atawaita watu kwa filamu ndefu halafu aifupishe tena?

Basi Massoudi akaamua kumwonya kijana mwenyewe. Alifika kibandani, Libère akamkalisha vizuri, akamfunga kitambaa shingoni, na kabla mgeni hajafungua kinywa, povu la sabuni likamjaa mpaka midomoni. "Mukubwa, nasikia kesho ni ndefu," Libère alisema huku ananoa wembe. "Labda wameongeza na pale pa mama. Labda wanaonyesha kaburi." Massoudi aliguna tu. Mtu mwenye wembe kooni atabisha nini? Povu lilipoisha na ujasiri uliisha. Alitoka na kidevu laini, hajasema kitu, anajitukana njia nzima mpaka Buyenzi.

Jumapili ukumbi ulijaa hadi watu wakakaa mapajani mwa wenzao. Wanawake wa soko, wanafunzi, hata askari wawili wa zamu iliyoisha. Kila kipande kipya kilipokelewa kwa vigelegele. Mke wa adui aliposimama kumgombeza mumewe, akina mama walimsaidia: "Mwambie! Mwambie tena!" Massoudi aliwaka kama hajawahi kuwaka, sauti kumi mdomoni, jasho mpaka viatuni. Pale pa nyumba tupu watu wakasimama kama kawaida yao, na yeye akaomboleza, maana angefanya nini? Libère akalia. Lakini leo hakutoka. Alikaa chini, anangoja kaburi.

Mwisho ukafika. Vumbi akaingia chini ya mlango. Mwanamke akageuka.

Mwanamke mmoja aitwaye Mwanvua, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, akapasua koo: "Yoo! Mama yake! Mama yake huyo!" Ukumbi ukalipuka. Benchi likaanguka. "Si alikufa?" "Tulimulilia bure!" "Massoudi, we, ulimuua nani?" Kwenye televisheni midomo ya mama inacheza, na maikrofoni haitoi kitu. Massoudi alikuwa anamtazama Libère. Angeweza kusema ni shangazi, ni pacha, ni jini. Uongo ulikuwa tayari ulimini, mtamu, na ungepokelewa.

Libère akasimama. Alikuwa mrefu, kivuli chake kikafunika nusu ya picha. "Nyamazeni!" alisema. Walinyamaza. "Massoudi. Mama anasema nini?"

"Anasema..." Massoudi aliinua maikrofoni. "Anasema: 'Umekonda sana, mutoto wangu. Skafu iko wapi? Kaa chini ule.'"

Mungu wangu, kelele zile! Watu walikumbatiana bila kujuana, askari mmoja alikuwa anafuta macho kwa kofia yake, Mwanvua anacheza juu ya benchi. Na Libère alicheka. Alicheka amejishika tumbo, machozi yanamtoka, anarudia peke yake: "Kaa chini ule! Hata 'bonjour' hakuna! Kaa chini ule!"

Nje jua lilikuwa bado kali. Watu walitawanyika wakibishana, na Massoudi alipotoka akamkuta kijana anamngoja kwenye benchi la mlangoni. Akajiandaa kutukanwa. Hakukimbia.

"Mukubwa, yule wa Vumbi hakuwa amekufa," Libère alisema. "Walikuwa wamemukata tu. Alikuwako siku zote mahali, ametunzwa."

"Nisamehe, kijana."

"Apana, nisikilize. Pale alipogeuka, nilifurahi sana, karibu niruke. Halafu nikajua kitu. Wangu hakuna mahali anatunzwa. Angekuwa hai angenitafuta na miguu, hata kwa kutambaa. Wazee wanangoja mlango ufunguke kama ule. Mi nimechoka kungoja." Alipangusa uso kwa kiganja. "Nataka kumukalia matanga. Wakikataa kwa sababu hakuna mwili, wakatae. Nitaita watu, pombe iwepo, watu waseme. Na we useme, unajua kusema."

Massoudi alitikisa kichwa. "Nitakuja na Buyenzi nzima, lakini sitasema. Mama yako mi sikumujua. Nikisema nitabuni tena."

"Sasa nani atasema?"

"We. Anza hapa, nisikie."

Libère akasogea kwenye benchi. Massoudi akaketi kando yake, akafunga mdomo, jambo ambalo mkewe angelipa kuliona.

"Aliitwa Odette," Libère alisema. "Alikuwa anaimba kanisani vibaya sana, kwa sauti kubwa, na hakuna hata mumoja aliyethubutu kumwambia."