Mvua Iliyotoka Kwetu

Miaka ile ya ukimbizi nilivuka ziwa kutoka Kongo, nikashukia Kibirizi na kifurushi kimoja. Mama mmoja wa Ujiji, mchuuzi wa dagaa, akanichukua kwake bila hata kuniuliza maswali. Nyumba yake ilikuwa na chumba kimoja tu kisichovuja. Akanipa hicho, yeye akahamia jikoni, kibanda cha matofali mabichi uani. Nilipokataa alinikaripia: “Mgeni alale jikoni? Majirani watanionaje mimi?”

Kisha ikaja mvua. Redio ilisema kimbunga kimekwama huko Bahari ya Hindi, hakiendi wala hakirudi, na kinavuta mawingu kutoka Kongo yapite juu yetu. Mama alicheka mpaka akashika mbavu. “Jamani! Hata mvua ya kwenu imekufuata!”

Mimi sikuwa na la kucheka. Kila asubuhi nilitoka kutazama ng’ambo. Milima ya kwetu ikionekana, tumepata nafuu. Haikuonekana. Maji ya korongo nyuma ya nyumba yakazidi kupanda, na redio ikawaambia watu wa mabondeni wahame.

Nikaenda kugusa ukuta wa jiko. Kidole kikazama kama kwenye ugali.

“Mama, ukuta huu utaanguka. Njoo tulale wote chumbani.”

“Kitanda chenyewe futi tatu, tulale vipi? Hebu nenda huko, usinitie uchuro.”

Nikaenda. Ningeweza kung’ang’ania, kulia, hata kumburuta. Nina mdomo mimi, waulize walionizaa. Lakini kitanda kilikuwa kikavu, na nilifurahi. Hilo ndilo linalonitafuna mpaka leo: nilifurahi, nikajifunika gubigubi blanketi alilonipa.

Asubuhi, akiwa anawasha moto wa chai yangu, ukuta ukamwangukia. Nilisikia kishindo nikatoka mbio. Majirani walimfukua kwenye tope, mguu umevunjika, wakamlaza juu ya mlango walioung’oa ili wampeleke hospitali. Mvua bado ilikuwa inamwagika. Nilimshika mkono nikitaka kumwomba msamaha. Akafumbua macho, akanitazama, kisha akawageukia waliombeba.

“Nyie hamna adabu? Mgeni wangu analowa. Mtafutieni cha kujifunika.”

Blanketi lake lilikuwa mabegani mwangu.