Mgongo wa Bi Mabega

Nikisikia harufu ya pasi ya moto juu ya satini yenye unyevu, huacha nilichoshika mpaka leo. Narudi mwaka 1991, nna miaka kumi na mbili. Baba amekufa Unguja, na mimi na mama tumehamia Matrah, mji wa bandari Uarabuni, kwa Ami, ndugu yake baba. Ami alitupa chumba kilichokuwa stoo ya magunia ya mchele. Skuli niliiacha darasa la tano na sikurudi tena. Nalisema mapema, ili asiyetaka kusoma maneno ya mtu wa darasa la tano aweke chini karatasi hii akanywe kahawa yake.

Mama alipikia watu kumi na mmoja, na akishapika alishona. Cherahani yake ya mkono aliipakata ndani ya ndege kama mtoto mchanga. Ami hakupenda mlio wake. "Nyumba yangu si karakana," alikuwa akisema kila akirudi kazini bandarini. Mama hushona taratibu zaidi, basi.

Siku moja akaja Bi Thuraya wa Madinat Sultan Qaboos, mwanamke wa gari na dereva, na mkanda wa video mkobani. Binti yake Asila alikuwa anaolewa. Akautia mkanda kwenye deki ya Ami, akaupeleka mbele mpaka alipopataka, akaweka kidole kwenye kioo cha televisheni.

"Gauni lile, fundi. Lisipokuwa lile, usinipe."

Ilikuwa filamu ya kizamani ya Hollywood, nyeusi na nyeupe, na sisi Kiingereza hatukijui. Mchezaji wake jina hatukulijua. Mama alimwita Bi Mabega, kwa sababu alikuwa na mabega mapana kama mlango wa msikiti, na kiuno ukidhani kitakatika. Sasa nisikilizeni, maana nimeona wanawake wengi wazuri maishani mwangu na wengi nimewavisha mwenyewe. Yule alikuwa na kitu chengine. Wanaume walimzunguka, wakapiga kelele, wakafungua milango na kuibamiza. Yeye kasimama. Anainua unyusi mmoja, anangoja wachoke. Wakichoka ndio anasema maneno mawili, na wao wanatafuta kofia zao.

Mimi nilikuwa mtoto asiyetulia. Mama alisema nimezaliwa na siafu kwenye viatu. Kumwona mtu mwenye nguvu za kusimama tu, kwangu ilikuwa ajabu. Nilijaribu mbele ya kioo cha kabati nikashindwa kabla ya kuhesabu ishirini.

Ami aliposikia habari za gauni, alimwita mama barazani. Mama alikuwa amekitamani chumba kimoja cha kushonea nyuma ya soko la Matrah, chenye dirisha, ila mwenye chumba hakikodishi bila jina la mwanamume kwenye mkataba. "Likikubalika hilo gauni," Ami alisema, "ntaweka jina langu. Likirudishwa, hiyo cherahani nauza, na huyu mtoto abaki jikoni maisha yake. Khalas."

Usiku huo wala uliofuata sikulala sawasawa. Asubuhi, wanaume wakishaondoka, kazi ilikuwa yangu: kuisimamisha picha na kulichora gauni juu ya gazeti. Waliotumia deki zile watakumbuka. Ukiisimamisha, picha hutetemeka, mstari mweupe hupita katikati, na baada ya dakika tano mashine huachia yenyewe. Kwa hiyo nilimchora Bi Mabega kwa vipande. Leo bega, kesho kola, keshokutwa mkono. Picha ikitetemeka, penseli yangu ikiifuata, mama akinigombeza kutoka jikoni, "Zuwena, unachora gauni au unachora bahari?"

Sponji za mabega tulizitoa kwenye mito ya Ami. Tulikata kidogo kidogo, huku na huku, tukaishona tena. Nilizijaribu nikaenda nazo kununua mkate, na muuza mkate akaniuliza kama nimeota mbawa.

Siku ya nne niligundua kitu. Bi Mabega alikuwa hana mgongo. Anasimama juu ya ngazi, uso kwetu. Anaanza kugeuka. Hapo picha inaruka, na tunamkuta chini, kaketi mezani, uso kwetu tena. Nilirudisha mkanda mpaka ukaanza kulia. Mgongo haukuwepo.

"Mama, nyuma yake iko vipi?"

Mama alikata uzi kwa meno. "Mgongo niachie mie."

Akaushona wa juu, umefunga mpaka shingoni, na safu ya vifungo vidogo vilivyovikwa satini ile ile, kuanzia kisogoni hadi chini ya kiuno. Arubaini na kimoja. Vitanzi vyake nilivishona mimi, na ncha za vidole zikawa kama za mchoma samaki. Kila kitanzi nilijiuliza: na ikiwa sivyo?

Siku ya kujaribu, Asila alisimama katikati ya chumba chetu cha stoo. Rangi alichagua mama yake, kijani, kwani mkanda haukuwa na rangi ya kutubishia. Bi Thuraya alimzunguka. Mabega, akatikisa kichwa kukubali. Kiuno, akakubali. Akafika nyuma, akasita.

"Mgongo huu umeutoa wapi, fundi? Kwenye mkanda haupo."

Nyuma ya pazia la mlango nikamsikia Ami akikohoa.

Mama alikuwa amepiga magoti kwenye pindo, pini mdomoni. Alizitoa moja moja akazichoma kwenye kanga yake, kisha akainuka. Siku zote mbele ya wateja alikuwa akisugua viganja na kutazama chini. Siku ile mikono ilikaa pembeni. Akangoja.

"Kwani wewe wa mkandani umeuona?" akauliza.

"Sijauona. Nakwambia haupo."

"Mie nimeuona."

"Wapi?"

"Nimeuona, bibi. Na asiyeuona hawezi kunambia huu siwo."

Mama aliwahi kunichapa kwa uongo wa kipande cha halua, na sasa anasimama mbele ya watu anadanganya mchana kweupe. Miguu ilitaka kukimbia mpaka bandarini. Bi Thuraya alimtazama mama, mama akamtazama Bi Thuraya, na wala hakupepesa.

Asila, ambaye tangu mwanzo hakuna aliyemuuliza kitu, ndiye aliyesema. "Mama, mie nautaka. Hebu nitazame." Akageuka, na vifungo vikashika mwanga wa taa kama shanga.

Bi Thuraya akacheka. "Fundi, wewe ungekuwa kadhi."

Baada ya harusi walikuja wanawake watatu wiki moja, wote wanataka mgongo wa vifungo. Ami akaweka jina lake kwenye mkataba, huku akilalamika kwamba siku hizi mito yake imekonda.

Lakini mimi aibu ya uongo ule niliibeba. Wateja wakiusifu mgongo, nilitazama pembeni.

Mwaka 2004, sebuleni kwangu, nikiwa nna dishi langu mwenyewe, filamu ile ilipita televisheni, nzima, haikukatwa kama ule mkanda. Bi Mabega akasimama juu ya ngazi. Akageuka. Mgongo ulikuwa mtupu mpaka kiunoni, na anashuka nao polepole, wala miguu yake haitazami. Nilimwaga chai.

"Mama! Njoo uone, mgongo uko wazi!"

Mama hakuinuka. "Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu Unguja, kabla sijaolewa. Sinema, onyesho la wanawake. Alipogeuka tulipiga vigelegele mpaka mwenye sinema akawasha taa."

"Na mimi miaka yote hii nadhani ulimdanganya Bi Thuraya."

"Uongo upi? Nilisema nimeuona. Sikusema nimeushona." Akavuta kanga yake begani. "Yule aliweza kuacha mgongo wazi, mwanangu. Alikuwa hali chakula cha mtu. Mie nilikuwa nalishwa."

Nilikuwa nikidhani mama siku ile alimuiga Bi Mabega. Kumbe alikuwa naye tangu usichana wake, anapika wali wa watu kumi na mmoja, anamngojea siku yake.

Leo nna maduka mawili, moja Matrah, moja Al Khuwair. Nna mashine tisa za umeme na ile moja ya mkono. Nna nyumba ya ghorofa mbili, na kwenye hati limo jina langu peke yake. Nna gari. Nna mjukuu asiyetulia. Nna mkanda ule, ambao Bi Thuraya hakuurudia, na deki ya kuuchezea sina. Na kabatini nna gauni moja jeusi la satini, kwa kipimo cha mama, nililomshonea mwaka ule ule wa 2004. Alilivaa mara moja, mlango tumeufunga kwa ufunguo, mimi na yeye. Halina kifungo hata kimoja.