Swafia, aliyefanya Kiswahili kianzie kulia

Bado sijakubali. Asubuhi nimemwandikia Swafia message ya kazi, nikaituma kabisa, ndipo nikakumbuka jana tulimzika.

Kwa wale hamkumjua: alikuwa developer wetu hapa Dubai, binti wa Lamu, mpole wa sauti lakini mbishi kupindukia. Aliugua wiki tatu tu.

Wacha niwaambie alichofanya, maana yeye mwenyewe hangewaambia.

Tulikuwa tunajenga website ya kliniki moja kule Al Baraha. Mimi ni tester, kazi yangu kutafuta makosa. Siku hiyo nikakuta Kiswahili kina kurasa mbili: moja ya kawaida, nyingine kwa herufi za Kiarabu, inaanzia kulia. Haraka haraka nikaandika bug: Kiswahili kimegeuka Kiarabu, rekebisha.

Swafia akaja mpaka mezani kwangu. "Brian, hiyo si bug. Ni wewe hujui kusoma Kiswahili."

Wah! Mimi, mtoto wa Nakuru, na A yangu ya Kiswahili! Ofisi nzima ilinicheka wiki nzima.

Akanieleza taratibu. Kwao Lamu, na kwa familia za Kizanzibari zilizokaa hapa Dubai, mtaa wa Deira, miaka nenda miaka rudi, kuna wazee waliosoma chuo cha Kurani tu. Kiswahili chao wanakijua kwa herufi hizo. Ukiwapa a, b, ch, hawasomi kitu.

Shida ilikuwa moja. Kila page ilizaliwa kwenye file moja ya msingi ndani ya server, inayosema hii ni lugha gani na maandishi yaanzie upande gani. Hiyo file ilijua Kiarabu kulia, lugha nyingine zote kushoto. Hakuna aliyetaka kuigusa, ukikosea hapo website nzima inalala.

Developer wenzake wakamshauri ageuze page ikishafunguka. Akajaribu, maneno yakatokea kushoto kisha yakaruka kulia. Akasema mzee hawezi kukimbizana na maandishi. Akaingia kwenye file yenyewe, akaifundisha kuangalia herufi pia, si lugha peke yake. Page ikawa inatoka kwa server imeshanyooka.

Manager, tunayemwita sir, akasema khalas, itoe, nani ataisoma? Zilibaki siku mbili kabla ya launch.

Swafia hakubishana, na hiyo peke yake ilinishangaza. Kesho yake alimleta jirani yake Bi Shamsa, bibi wa miaka sabini na kitu, akamkalisha mbele ya sir na kumpa simu.

Bi Shamsa alisoma ukurasa wa maradhi ya wanawake kimya kimya mpaka mwisho. Kisha akalia. Akasema miaka yote husomewa majibu yake ya hospitali na mkwewe. Mkwe! Mwanamume!

"Leo nimejisomea mwenyewe, mwanangu."

Swafia akamtafsiria sir. Sir akasema ibaki.

Nimefanya kazi na watu wenye vyeti vya kila aina. Sijaona mwingine wa hivyo, na najivunia kwamba nilikaa meza ya pili kutoka kwake.

Jana msibani Bi Shamsa alinipa karatasi. Ameandika habari za Swafia kwa mkono wake, na mimi sikuweza kusoma hata neno. Mtu akajitolea kunisomea.

Nikakataa. Jumamosi naanza alifu na be. Nitaisoma mwenyewe.

Pumzika sasa, dada yangu. Umetuheshimisha. Lala salama, Mola akupokee.