Picha ya Mwisho Kwenye Mkanda

Mtaani kwetu, mtu akishafika umri fulani huvaa nguo zake za kanisani akaenda kwa Lieve kupiga "picha ya pasipoti". Pasipoti ya kwenda wapi, hakuna aliyeuliza. Sote tulijua ni picha ya kadi ya mazishi, ile kadi ndogo tunayogawiwa kanisani siku ya kumzika mtu, sura yake upande mmoja na sala upande wa pili. Kila nyumba hapa kando ya Mto Leie ina droo ya kadi hizo. Mimi zangu huzichambua wakati wa baridi, na nawaambieni kweli, wafu wa Lieve wanapendeza kuliko wote.

Godelieve Verhelst, ambaye sisi tulimwita Lieve tu, alikuwa na studio ng'ambo ya duka langu la mikate. Yeye alipiga picha, mumewe Omer alizisafisha. Omer alikuwa mtu wa chumba cha giza, mrefu, mkimya, vidole vimegeuka kahawia kwa dawa. Watoto wa komunyo ya kwanza walimwogopa bure.

Lieve alikuwa na mazoea yake. Akirudi harusini, mkanda wa filamu haukukosa kubakiza nafasi ya picha moja, na kwa ubahili wake hakuvumilia nafasi tupu iingie kwenye dawa. Basi aligeuka, akamkuta Omer kasimama mlangoni pa chumba cha giza akiungoja mkanda, akampiga picha yeye.

"We mwanamke, unaniharibia mkanda!"

"Naumaliza. Simama sawa, acha kununa."

Na kwa kuwa msafishaji ni yeye, Omer ndiye aliyelazimika kuitazama sura yake ikitokea, ya mwisho kabisa, baada ya maharusi. Angeitupa vipi? Ilikuwa imeshikana na bibi harusi anayecheza na baba mkwe. Ikabaki.

Kisha, mwaka 2003, akaja muuzaji mwenye tai ya njano na kamera ya dijitali.

"Mama, mkanda hutanunua tena. Piga upendavyo, bure!"

Kuhusu mkanda alisema kweli. Kamera na kompyuta yake zilikula fedha za kununulia gari, lakini hiyo si gharama ninayoisimulia. Wateja walifurahi kujiona papo hapo kwenye kioo cha kamera. "Futa hiyo, tazama kidevu changu!" Lieve akafuta. Videvu vya mji mzima vilifutwa. Mashine ya Omer ya kuchapia picha ikauzwa, akabaki na ile taa nyekundu tu, na kila asubuhi aliingia chumbani mwake akanywa kahawa chini yake. Baadaye akafuga njiwa wa mashindano ya kuwahi kurudi bandani, nao walifika nyumbani wakati njiwa wa wenzake wameshalala.

"Omer, njiwa wako wanakuja kwa miguu?" nilimtania.

"Wanapitia kwako kula mkate, Nelly. Ndiyo maana wanakuwa wazito."

Sikuipenda kamera ile, na siombi radhi.

Omer alikufa miaka mingi baadaye, msimu wa majani kuanguka, ghafla, bandani kwa njiwa wake. Kesho yake asubuhi Lieve alinipigia simu, nikavuka barabara na aproni yangu. Nilimkuta mbele ya kompyuta, koti la nje bado mwilini. Mwenye kazi ya mazishi alitaka picha ya kadi kabla ya saa sita mchana.

"Simwoni, Nelly."

"Humwoni vipi? Una maelfu ya picha humo."

"Maelfu, ndiyo. Tazama mwenyewe."

Tukatazama. Harusi, komunyo, timu za baiskeli. Kiwiko cha Omer aliyeshika taa. Kisogo cha Omer. Kivuli, labda chake.

"Hukumpiga hata siku moja?"

"Nilimpiga. Akajiona kwenye kioo, akasema, 'Futa, Lieve, natisha.' Nikafuta." Akakitazama kidole chake. "Nilifuta, shoga yangu. Mimi mwenyewe, kwa kidole hiki."

Mganga hajigangi, nilitaka kusema, nikajizuia. Marehemu asiye na picha huchapiwa mshumaa kwenye kadi yake. Mume wa Lieve Verhelst azikwe kwa mshumaa! Mji ungelisema jambo hilo mpaka Pasaka, na kama asingekuwa rafiki yangu, ningeanza mimi.

"Na zile za mwisho wa mkanda?" nikamuuliza.

Aliinuka, nami nikamfuata. Makabati yalikuwa kulekule chumba cha giza, mikanda ya zamani ndani ya bahasha zenye majina ya maharusi. Tukavitoa vipande, tukavielekeza dirishani kimoja kimoja. Kila harusi, mwishoni kabisa, Omer. Omer amenuna. Omer na kipande cha mkate mdomoni. Kwenye mkanda cheusi huonekana cheupe, basi kijana yule alikuwa na mvi kichwa kizima, kama mzee niliyemsalimia juzi. Kwenye kimoja alitoa ulimi, tukacheka, na kucheka kukageuka kilio mpaka Lieve akakaa sakafuni. Ndoa yake yote ilikuwa mkiani mwa harusi za watu wengine.

Bahasha ya mwisho ilikuwa ya binti wa mwenye bucha. Mlangoni Omer alikuwa anatabasamu. Nadhani alijua kwamba mkanda mwingine hauji. Baada ya hapo kabati lilikuwa tupu.

"Hiyo," akasema Lieve.

Siku ya mazishi tuliipokea kadi, na minong'ono ikaanza. Ukumbini, tulipokuwa tukinywa kahawa na kula mikate yangu ya jibini, mwenye bucha hakuweza kujizuia.

"Lieve, samahani, lakini huyu kwenye kadi mbona kijana?"

"Ndivyo alivyokuwa," akajibu, "mara ya mwisho nilipomtazama."



Majira ya kuchipua nami nikavaa nguo zangu za kanisani, nikaenda kupiga picha ya pasipoti. Lieve alipiga, akanigeuzia kioo. Kidevu changu, Mungu wangu! Nikafungua mdomo, naye akawa ananitazama, kidole tayari.

"Unasemaje?"

"Nasema iache. Sasa nipe hiyo kamera, ukasimame pale mlangoni."

Alisimama mlangoni pa chumba cha giza bila kujua mikono aiweke wapi. Nikabonyeza.

"Natisha?" akauliza.

"Unatisha sana," nikamwambia. "Na sifuti."