Ree la Shupaza

Nicheke au nilie, sijui. Vita vilipoanza, kaka yangu Hamisi, askari, aliondoka Namatala akaniacha na mkewe, wifi yangu Zamu. Kila alfajiri baada ya sala nilivuta karata moja kwa siri, kuuliza habari zake. Ree la shupaza kwangu lilikuwa kifo. Halikutoka hata siku moja, basi nikajiona mjuzi.

Vita vikaisha, wenzake wakarudi, yeye kimya. Wazee walipotaka asomewe hitima na Zamu akae eda, mimi mjinga niliwafokea mbele ya shehe: "Yuko hai! Nina hakika!" Zamu akaniamini. Mwaka mzima, kila Ijumaa, alimpigia pasi kanzu yake.

Juzi akaja afande mmoja kutoka Jinja.

"Hamisi mimi ndiye nilizika, dada," akaniambia. "Alisema nikurudishie hii. Alitoa kwenye karata zako ile asubuhi ya kuondoka; alijua unavyoziuliza, usije ukaivuta ukalia bure."

Ilikuwa karata. Ree la shupaza.

Zamu aliichukua, akaigeuza, kisha akanitazama.

"Kumbe siku zote hizo, wifi, hukuwahi hata kuzihesabu?"