Jiwe la Baba Upande wa Kushoto

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza. Niliishia darasa la nne, lakini leo pale Kibirizi ukiuliza maboti makubwa ni ya nani, utaonyeshwa nyumba yangu yenye geti jekundu. Nimezama ziwani nikaokoka, nimeibiwa injini nikanunua nyingine kesho yake. Ila harufu ya dagaa walionyeshewa mchangani wakaanza kuoza, hiyo sijaiweza. Nikiisikia tu nakuwa tena mtoto wa miaka tisa, miguu peku, namfuata mama kwenye hija.

Kila Kwaresima parokia yetu ilitembea kutoka Kibirizi, tunapita Mwanga, tunafika Ujiji, kisha tunashika njia ya kando ya ziwa mpaka kilima chenye msalaba. Kabla ya kuondoka kila mtu aliokota jiwe ufukweni kwa ajili ya yule anayemwombea. Ukifika msalabani, jiwe la aliye hai unaliweka kulia, la marehemu kushoto. Hakuna aliyekuuliza kitu. Mkono wako ndio uliosema, na ukishasema umesema.

Mama aliokota la baba. Baba alikuwa amevuka kwenda Kongo na magunia ya dagaa, msimu ukaisha, mwingine ukaingia, harudi. Wavuvi walisema kuna boti limepinduka upande wa kule. Baba mdogo alikuwa anamsukuma mama aweke matanga, maana nyumba ilikuwa ya ukoo na yeye aliitaka. Mama alikataa katakata. Asubuhi ile alimwonyesha jiwe mbele ya watu, jeupe, ukubwa wa yai la bata.

"Shemeji, hili linakwenda kulia. Njoo uone."

Baba mdogo akacheka, akasema atakuja, labda na samaki nao watakuja kushuhudia.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na ziwa lilikuwa na rangi ya majivu. Tulitembea kwenye tope, rozari mkononi, wanaume wakipokezana msalaba wa mti, na pale Mwanga mafundi cherehani walisimamisha mashine mpaka tulipopita. Mama aliimba kuliko wote. Mimi nilikuwa nimeshika kitenge chake na nilijua, kama mtoto anavyojua, kwamba jiwe likifika kulia baba atarudi.

Ujiji akina mama wa Kiislamu walitutolea ndoo za maji barazani, kama walivyofanya kila mwaka. Mmoja wao, Mama Zaituni, alikuwa na kawaida ya kuvuka ziwa kwenda Kongo kuchukua vitenge vya kuuza. Alimvuta mama pembeni. Sikusikia waliyosema. Nilimwona mama akiuliza jambo moja, Mama Zaituni akatikisa kichwa kukubali huku amemshika mkono, na mama akamrudishia kikombe kikiwa kimejaa vile vile. Kutoka hapo hakuimba tena.

Kilimani baba mdogo alikuwa ameshatangulia, amesimama upande wa kulia, amekunja mikono. Mama alipiga magoti muda mrefu mpaka watu nyuma yake wakaanza kukohoa. Kisha akaliweka jiwe kushoto. Wanawake wakaangua kilio. Hata baba mdogo alivua kofia. Nilipomuuliza mama, alisema, "Umeona. Usiniulize tena."

Sikuuliza tena. Matanga yakawekwa, baba mdogo akaichukua nyumba, tukahamia chumba kimoja Mwanga, nami nikaacha shule nikaenda kubeba magunia. Kila nilichonacho nilikijenga nikijisemea kwamba mimi ni yatima.

Mwaka jana simu ikaingia kutoka Kalemie, kule Kongo. Sauti ya kijana, Kiswahili cha ng'ambo: "Yaya, papa ametutoka." Kwao yaya ni ndugu mkubwa, papa ni baba. Nikacheka, nikajua ni matapeli. Akanitumia picha. Mzee kwenye jeneza alikuwa na uso wangu.

Mama anaishi kwangu siku hizi. Nilimkuta anachambua maharage, nikamweleza habari za simu, na hakuinua macho. Akasema Mama Zaituni alimwona baba sokoni kule, amenenepa, ana mke, ana mtoto mabegani.

"Mimi nilishamzika siku ile," alisema. "Wewe kamzike wako."

Nilimvusha baba kwa boti langu mwenyewe, nikamzika Kibirizi. Mama hakuja. Baadaye nilipanda kile kilima peke yangu. Siku hizi mahujaji wana gari la muziki na maji ya chupa, na mawe hakuna anayeokota. Ya zamani yameporomoka, ya kulia na ya kushoto yamekuwa rundo moja, na jiwe jeupe sikulipata. Jeneza la pili, la kuvukia ziwa, vibali, mafuta ya kwenda na kurudi, saruji ya kaburi na chakula cha wadogo zangu nisiowajua: shilingi milioni mbili, laki tatu na elfu arobaini.