Kodiani Iliyopigwa Tupa

Kwa miaka ishirini na miwili Kahiga alimwambia mkewe, Wamucii, kwamba hajui kuimba, na kwa miaka hiyo yote Wamucii aliendelea kuimba. Hiyo ndiyo iliyokuwa ndoa yao, na ilishinda nyingi za Endarasha.

Kahiga alikuwa akipiga kodiani ya mwomboko, ngoma ya Wakikuyu ya kucheza wawili wawili, tangu kabla ya bendera kubadilishwa. Kutoka Mweiga hadi Kiganjo, harusi haikuwa harusi kabla hajaketi, akakunja mguu, akavuta mivukuto. Wamucii naye alikuwa na nyimbo za kupalilia za nyanya yake. Kila alipoziimba pamoja na kodiani, sauti yake ya tatu, ile ambayo kanisani huitwa mi, ilitua chini kidogo ya kitufe cha Kahiga. Ilikaa kati ya vitufe viwili, kama mgeni aliyekataa viti vyote. Kwaya ilimsimamisha nyuma ya nguzo, kwa imani kwamba Mungu hasikii kupitia saruji.

Mwaka wa themanini na saba wafadhili wakaipa shule ya pale kompyuta moja. Mwalimu wa hesabu, Mwiti, kijana kutoka Timau, akakabidhiwa ufunguo. Kompyuta moja, wanafunzi mia nne: Mwiti akaona heri acheze mwenyewe. Akaiandikia programu ya kutoa sauti, mistari kumi hivi. Unaipa nambari. Inachukua sauti ya chini na pacha wake wa juu, zile ambazo baba na mama huimba pamoja wakidhani ni moja, kisha inaukata mwanya huo vipande sawasawa kwa idadi uliyotaja. Kodiani na kila kinanda cha misheni hukata kumi na mbili. Mwiti alikata kumi na tisa, akakata thelathini na moja, na mbuzi wa jirani wakahama malisho.

Siku aliyokata saba, Wamucii alikuwa mlangoni akimpimia maziwa. Mashine ikapanda vidato vyake saba. Wamucii akapanda nayo, hakumwaga tone wala hakukosa kidato.

"Mama, rudia hiyo," Mwiti akasema.

Akarudia. Mwiti akaisimamisha mashine kwenye kidato cha tatu kutoka chini. Ikalia pale pale alipokuwa Wamucii.

"Ulifundishwa na nani?"

"Nyanya yangu. Lakini bwana yangu anasema nilifundishwa vibaya."

"Bwana yako ako na kumi na mbili tu, na sauti yako haiko ndani. Si wewe umekosa. Ni kodiani."

Wamucii aliyabeba maneno hayo hadi nyumbani kwa uangalifu zaidi kuliko alivyowahi kubeba maziwa, akayapakua pamoja na githeri.

Kahiga hakula. Angemfumania mkewe na mwanamume, angejua la kufanya; hilo lina wazee wake na mbuzi wake wa faini. Lakini mwanamume aliyempa mkewe haki? Baraza gani lingesikiliza kesi hiyo?

Kesho yake akaenda shuleni kujionea. Akamkuta Wamucii ameketi kwenye kiti chenye mto, mwalimu amesimama.

"Karibu, mzee," Mwiti akasema. "Tunajaribu saba."

"Ati saba. Mimi niko na kumi na mbili. Nani tajiri?"

"Mzee, hata ukiwa na jozi kumi na mbili za viatu, zote zinaweza kukubana."

Wamucii akacheka. Kahiga alikijua kicheko hicho. Alikipata kwa kodiani, kwenye harusi ya binamu yake, siku aliyomwona Wamucii mara ya kwanza, na hakuwa amekisikia tena tangu mtoto wao Kabura aache kunyonya.

Akarudi nyumbani, akafungua kodiani, akautoa ulimi wa chuma wa mi na kuanza kuukwaruza shinani kwa tupa ya kunolea panga, ili sauti ishuke. Ngatia, aliyempigia chuma cha karing'aring'a miaka yote, akamkuta katika kazi hiyo.

"Ukikwaruza hiyo, hairudi. Na harusi ya Jumamosi?"

"Waoane kimya kimya."

Siku ya tatu akaibeba kodiani hadi shuleni, Wamucii nyuma na maziwa. "Pima," akamwambia Mwiti.

Kodiani ikalia, mashine ikalia. Hata mbuzi wangejua zinagombana.

"Imeshuka kupita, mzee," Mwiti akasema. "Ni kidogo tu, lakini imepita."

Kahiga akautazama mkono wake. Chuma hakirudi.

"Piga, Baba Kabura," Wamucii akasema.

Akapiga. Wamucii akaimba wimbo wa nyanya yake, na alipofika kwenye mi akashuka taratibu hadi pale tupa ilipokosea, akakaa. Mwiti akajaribu saba, kumi na saba, ishirini na mbili. Hakuna nambari iliyowakuta.

"Mama, umeshuka. Hii si ile ya juzi."

"Mimi naisikia sawa."

Jumamosi wenye harusi walidhani Kahiga amelewa, wakaita mpiga kodiani mwingine wa Karatina. Kahiga hakuuliza hata jina lake. Alikuwa na swali jingine, alilolitoa njiani kurudi nyumbani.

"Na ile kiti?"

"Kiti gani?"

"Ya mto."

Wamucii akafikiri. "Ilikuwa laini."

Kuanzia Jumatatu, maziwa ya mwalimu yalipelekwa na Kahiga mwenyewe. Alifika mapema, akapima kwa haki, na akakataa kuketi.